Jiwe la Baba na Mizani ya Dunia

Maneno haya niliyasema Mbale, mashariki mwa Uganda, mbele ya wakulima wa kahawa na pamba, akina mama wanaofanya biashara mpakani na vijana wa maghala. Wengi walioalikwa walishindwa kufika kwa sababu ya mvua na barabara ya mlimani. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema kwa ajili yao. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliosimama nje dirishani: mulembe! Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Nimeombwa niseme Kiswahili, nami nimekubali kwa moyo mweupe. Humu ndani wamo Wagisu, Wasabiny, Wateso, Wanyole, na wageni wetu waliovuka Lwakhakha alfajiri kutoka upande wa Bungoma. Kiswahili ndicho tunachouziana na kununuliana, na habari niliyowaletea ni ya sokoni.

Mnaliona jiwe hili mezani? Nimelibeba kikapuni kutoka nyumbani, Namisindwa. Kondakta wa teksi alitaka kunitoza nauli yake, nikamwambia anitoze tu, jiwe hili lina thamani kuliko mzigo wote aliopakia.

Baba yangu alikuwa na mikahawa 400 chini ya migomba. Miaka yote aliuza kupitia ushirika, na ushirika ukauza kupitia bodi ya serikali, na mara nyingi alipewa karatasi ya kudai badala ya fedha. Halafu mwaka 1991 soko likafunguliwa. Wanunuzi wa kila namna wakapanda mlima na mizani za kuning'iniza, zile zenye ndoana chini na uso kama wa saa. Walikuja na fedha taslimu, na baba aliwapenda kwa hilo, maana alishachoka kukopwa. Mizani zao ndizo alizozitilia shaka.

Siku moja akateremka mtoni, akachagua jiwe, akalipeleka zahanati wanakopimia watoto. Mkunga akalitundika: kilo 7 na nusu. Tangu siku hiyo, mnunuzi akifika uani, baba humkaribisha, humpa kiti, kisha kabla ya gunia lolote hutundika jiwe lake kwenye mizani ya mgeni. Wa kwanza kufika, mshale ulisimama kwenye 6. Baba akamtazama. Yule bwana akasema, "Mzee, jiwe lako limekonda." Baba akamjibu, "Mwanangu, jiwe halikondi."

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kilo 1 na nusu imepotea katika kila kilo 7 na nusu. Katika gunia la kilo 60 zimepotea kilo 12. Magunia matano, umempa mtu gunia zima bure, na bado umemwambia ahsante na kumchinjia kuku.

Dunia nayo ina mizani yake. Inapima kahawa yetu, pamba yetu, samaki wetu, mahindi yetu. Nani ameishika? Nani aliipima mara ya mwisho? Na sisi, jiwe letu liko wapi?

Nianze na bei, kwa kuwa hapo ndipo nilipokula ujana wangu wote. Nimeonja kahawa kwa zaidi ya miaka 30. Nikipewa kikombe, nakwambia kama iliosheka vizuri, kama ilianikwa juu ya udongo au juu ya chekeche, kama iliwahi kulala karibu na mafuta ya taa. Lakini kila asubuhi, kabla ya kikombe chochote, tulisubiri bei. Arabika ya mlima wetu wa Elgon bei yake hutazamwa New York, kwa senti za dola kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Robusta ya wenzetu wa Masaka na Mukono hutazamwa London, kwa dola kwa tani. Ulimi wangu ungeweza kusema kahawa hii ni nzuri kuliko ya jana, na bei ikasema ni rahisi kuliko ya jana. Ulimi ulinyamaza.

Wazee, mnaikumbuka Chepkube?

(Hapa wazee waliguna na mmoja akapiga fimbo sakafuni.)

Mnaikumbuka. Vijana, sikilizeni. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil. Kufikia 1977 ratili moja New York ilikuwa imepita dola 3, bei ambayo dunia haikuwahi kuiona. Nilikuwa na miaka 12. Je, baba yangu alitajirika? Bodi ilimlipa kwa shilingi zisizonunua hata kipande cha sabuni, kwa sababu sabuni yenyewe haikuwapo. Ng'ambo ya mto, soko la Chepkube, kahawa ile ile ililipwa kwa shilingi za Kenya, na shilingi za Kenya zilinunua sabuni, blanketi, chumvi, bati. Basi usiku watu wakabeba. Walibeba kwa punda na vichwani, na wanawake wakafunga kahawa mgongoni kama mtoto aliyelala. Askari walikuwa na amri ya risasi. Mjomba wangu alivuka mara tisa. Ya kumi hakurudi, na hadi leo hatuna kaburi lake. Serikali iliyaita magendo. Mjane wake, hadi anafariki, alisema mumewe alikwenda kutafuta bei.

Nimeyasema haya kabla sijataja nchi yoyote ya Ulaya kwa makusudi. Sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba anayekupunja huwa mgeni siku zote. Bei ya dunia ilipopanda mno kuliko wakati wowote, mkono uliokaa kati ya mkulima na bei ile ulikuwa mkono wa kwetu.

Sasa tuvuke bahari.

Kuanzia mwaka 1962 palikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Nchi zinazolima na nchi zinazonunua ziliketi pamoja zikagawana mgao: kila nchi iuze kiasi chake, ili bei isianguke ovyo. Sikudanganyi kwamba ulikuwa mkataba wa malaika. Mgao uliwapendelea wakubwa, na serikali zetu zilikata fungu lao kabla mkulima hajaona lake. Lakini bei ilikuwa na sakafu, ikianguka inagota mahali. Julai 1989 nchi hizo zilishindwa kuelewana, Marekani na Brazil mbele, na mgao ukafutwa. Ndani ya miezi michache bei ikapungua karibu nusu. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kazi ghalani. Nilimwona karani mzee akirudia kusoma karatasi ya bei, akaigeuza nyuma kana kwamba bei yenyewe imeandikwa huko.

Ikaendelea kuanguka. Vietnam ilipanda robusta hadi ikawa ya pili duniani, na hapakuwa tena na meza ya kuulizana nani apunguze. Mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ulifika senti 45 za dola kwa ratili, yaani karibu dola 1 kwa kilo. Hapo bado hujatoa gharama ya kuifikisha Mombasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,000 kwa nchi kama yetu isiyo na bahari. Hapo bado hujamlipa mchumaji.

Nataka muuone ukubwa wa jambo hili kwa mfano mmoja. Ujerumani hawana mkahawa hata mmoja shambani. Wana kodi ya kahawa, ambayo leo ni euro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, na kiwango chake kilikuwa hicho hicho hata kabla ya sarafu ya euro. Sheria ni yao na fedha ni za wananchi wao, sina ugomvi na kodi yao. Ninachosema ni kwamba mwaka ule wa 2001, hazina ya nchi isiyolima kahawa ilipata katika kila kilo fedha nyingi kuliko bei yote ambayo dunia ilimlipa aliyeuza kilo mbichi, pamoja na wote waliokaa kati yake na bandari. Aliyepalilia, aliyechuma, aliyeosha, aliyeanika, aliyebeba, aliyekoboa, wote wakusanye pamoja. Kodi peke yake iliwazidi.

Kaka yangu alikata mikahawa 300 mwaka 2002. Simlaumu. Alikuwa na watoto wawili sekondari, na enzi hizo sekondari haikuwa ya bure. Akapanda mahindi. Mwaka 2011 ratili ikapita dola 3 tena kule New York, na kaka akaja kunitembelea ghalani. Alikaa juu ya gunia la mtu mwingine, akalipapasa, hakusema kitu. Mkahawa unataka miaka mitatu kabla haujakupa cha kuuza. Bei huigeuka miaka mitatu hiyo ndani ya wiki moja.

Na juzi juzi je? Mapema mwaka 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili. Wengine wenu mmeezeka nyumba, mmelipa ada, mmenunua ng'ombe. Nafurahi nanyi kutoka moyoni, mmestahili kila shilingi. Lakini niambieni: nani kati yetu aliamua bei ipande? Ulikuwa ni ukame wa Brazil na mvua mbaya ya Vietnam. Furaha yetu ilitokana na msiba wa mkulima mwenzetu, na siku yake ya neema ndiyo itakayokuwa msiba wetu. Soko linalomlisha mkulima mmoja kwa kumfisha mwingine nitaliitaje la haki?

Mtaniuliza, kwa nini tusikaange wenyewe? Swali zuri, nalipenda, na naona wanasiasa wanalipenda pia. Tusidanganyane kuhusu kinachotuzuia. Watu hudhani ni ushuru wa Ulaya. Uganda, kwa kuwa imo katika kundi la nchi maskini kabisa, tangu 2001 huingiza Ulaya karibu kila kitu bila ushuru isipokuwa silaha, na kahawa iliyokaangwa imo. Mlango huo uko wazi. Kinachotuzuia ni mkopo. Mwenye kiwanda Hamburg anakopa kwa asilimia chache; wewe hapa Mbale benki inakudai karibu asilimia 20. Kinachotuzuia ni kwamba kahawa mbichi hukaa miezi, iliyokaangwa inaanza kuzeeka siku ile ile. Na kinachotuzuia, nisameheni mama zangu, ni kwamba hatuinywi. Ethiopia hunywa nyumbani karibu nusu ya kahawa yake. Mnunuzi akileta bei ya dharau Addis Ababa, jirani anainunua. Sisi mnunuzi akiondoka tunabaki tukitazamana na magunia, huku mkononi tumeshika kikombe cha chai.

Ndugu zangu Wateso, msidhani nimewasahau. Pamba.

Msimu wa 1969/70 Uganda ilitoa marobota zaidi ya 400,000 ya pamba. Kilichofuata mnakijua kuliko mimi: wafanyabiashara Waasia wakafukuzwa 1972, vita, kisha wizi wa mifugo uliomaliza ng'ombe wenu wa kulimia. Hilo lilikuwa la kwetu. Lakini mlipoanza kunyanyuka tena, mmeshika jembe la mkono pale palipokuwa na ng'ombe, mkakuta nini sokoni? Msimu wa 2001/02 serikali ya Marekani iliwapa wakulima wake wa pamba, watu wapatao 25,000, ruzuku ya zaidi ya dola bilioni 3. Mkulima wa kule bei ikianguka anaongezewa na hazina, basi anaendelea kulima, pamba inajaa, bei inazidi kuanguka. Mkulima wa Soroti bei ikianguka anaongezewa na nani?

Brazil ilikataa. Mwaka 2002 ikapeleka mashtaka katika Shirika la Biashara Duniani. Benin na Chad, nchi ambazo pamba kwao ni kama kahawa kwetu, zikaingia kesini kando ya Brazil. Brazil ikashinda. Rufaa ikakatwa, mwaka 2005 ikashinda tena. Hebu nyanyueni mikono: nani anajua kesi iliishaje?

Iliisha hivi. Brazil ilipewa ruhusa ya kulipiza, kuibana Marekani katika soko lake, na soko la Brazil ni kubwa. Marekani ikatazama, ikaona heri ilipe. Kuanzia 2010 ikakubali kuipa Brazil dola milioni 147 kwa mwaka, na mwaka 2014 wakamalizana kwa dola milioni 300 nyingine. Ruzuku yenyewe ikabadilishwa sura, haikung'olewa. Na Benin? Na Chad? Na Uganda? Hata ndururu.

Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka baba. Brazil ilikwenda na jiwe. Benin na Chad zilikwenda na haki peke yake, na haki bila jiwe ilisikilizwa kwa heshima ikarudishwa nyumbani. Leo hata hilo baraza la rufaa halifanyi kazi, tangu Desemba 2019, kwa kuwa Marekani imezuia uteuzi wa majaji wapya. Tulikuwa na mahakama iliyokuwa ngumu kwetu kuifikia. Sasa hata hiyo ngumu haipo.

Kuna akina mama humu wanaouza mitumba, mivumba kama wanavyosema soko la Owino, Kampala. Yenu nayo iko hapa hapa. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana nguo hizo ziondolewe hatua kwa hatua hadi 2019, ili viwanda vyetu vishone. Mtu anaweza kuwa na maoni yake. Mimi najua watoto wangapi wamesomeshwa na robota la mitumba, na sikupenda kwamba hamkuulizwa. Lakini tazameni lililotokea. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao kikisema wanachama wake wataumia. Wakatuambia: mkiendelea, mtapoteza nafasi ya kuuza kwetu bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikabaki, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafasi hiyo. Nchi kadhaa zilianza pamoja, mwishoni ilibaki moja. Jambo la nguo za kuvaa watoto wetu lilikuwa letu kulibishania, sisi na ninyi, sokoni Owino na bungeni Kampala. Halikupaswa kuamuliwa na anayetaka pa kupeleka nguo alizozichoka.

Na nafasi yenyewe ya kuuza bila ushuru, ambayo tuliambiwa tuilinde kwa kuacha tulilolikubali wenyewe? Januari 2024 Uganda iliondolewa kwa sababu nyingine kabisa, za haki za binadamu. Sitaki kuingia kwenye mjadala huo leo. Nataka mlione umbile la zawadi: hutolewa na kuchukuliwa na mtoaji, kwa sababu anazozichagua yeye, siku anayoitaka yeye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limeshafika mashambani mwenu, vijana wenye simu wanaopita wakipima.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria kwamba kahawa, kakao na mazao mengine yasiingie kwao kama yametoka kwenye msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo, na Ulaya ndiyo inayonunua sehemu kubwa ya kahawa yetu, Italia ikiongoza. Kila shamba lazima lijulikane liko wapi duniani.

Je, sheria hii ni mbaya? Nisikilizeni watu wa Bududa. Mwaka 2010 mlima uliishukia Nametsi, na wapo humu ndani waliochimba udongo kwa mikono wakitafuta ndugu zao. Mtu wa Elgon hahitaji kufundishwa na Mzungu kwamba mti unashika mlima. Msitu lazima ulindwe, na anayekata msitu wa Elgon leo anawachimbia kaburi wa bondeni. Kwa hilo naiunga mkono.

Ninachouliza ni nani amebebeshwa gharama. Jirani yangu mjane, mwenye nusu eka ya kahawa iliyopandwa na babu wa mumewe, alitembelewa na kijana wa mnunuzi mmoja. Kijana alizunguka shamba na simu, akapiga picha kitambulisho chake, akaondoka. Mama akauliza, "Karatasi yangu iko wapi?" Akaambiwa iko kwenye mfumo. Msimu ulipofika, mnunuzi mwingine alileta bei nzuri zaidi. Mama akataka kumuuzia. Akaambiwa hawezi kuinunua, ramani ya shamba lake anayo yule wa kwanza. Yaani sheria iliyotungwa kulinda miti ilimfunga mjane kwa kamba kwenye nguzo ya mnunuzi mmoja.

Kwa hiyo, mama zangu, shikeni hili: ramani ya shamba lako ni mali yako. Akija mtu kupima, akuachie nakala, iliyoandikwa, yenye namba. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, na yetu karibu yote hayafiki hapo, sheria yenyewe inataka nukta moja tu ya mahali. Msikubali mtu awatoze fedha nyingi kana kwamba anapima nchi. Na vyama vyenu vya msingi viwe na daftari lao la ramani, lisikae kwa mnunuzi.

Nimebakiza mpaka, na sitakaa hapo sana kwa sababu linanipandisha hasira.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti. Siku chache! Kwa waziri ni siku chache. Mama mmoja aliyekaa mstari wa pili pale alikuwa na lori Busia, mahindi ya mkopo, dereva anadai posho kila jioni, na mvua inapita kwenye turubai. Sumukuvu si porojo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na sisi tunaoanika mahindi kando ya barabara juu ya udongo tuna la kujibu. Pima mahindi, kataa mabovu, nitakupigia makofi. Lakini unafungaje mpaka kwa barua ya siku moja baina ya watu wa jumuiya moja? Na Katuna, kati yetu na Rwanda, palifungwa Februari 2019 pakafunguliwa Januari 2022. Miaka karibu mitatu! Tumetia saini Eneo Huria la Biashara la Afrika, limeanza kazi tangu 2021, na mama wa Katuna alikuwa hawezi kuvusha kikapu cha viazi.

Naambiwa muda umekwisha. Nipeni dakika chache, kuna hadithi moja ambayo nikiiacha sitalala.

Mwaka 2005 Ethiopia ilikwenda Marekani kusajili majina matatu ya kahawa yake kama alama za biashara: Sidamo, Harar, Yirgacheffe. Walikuwa wameona kwamba mfuko wenye jina hilo dukani unauzwa ghali, na mkulima wa Sidamo analipwa kama mkulima asiye na jina. Wafanyabiashara wa kahawa wa kule wakapinga. Ukawa mvutano mkubwa na Starbucks, magazetini na mitaani. Ethiopia haikuwa na soko la kutisha kama Brazil. Ilikuwa na jina, na ilikuwa na watu wa kawaida, wanywaji wa kahawa wa Ulaya na Marekani, waliouliza kwa nini kampuni ing'ang'anie jina la kijiji cha mtu. Juni 2007 wakatia saini makubaliano, na kampuni ikakubali kwamba majina yana mwenyewe.

Nimeonja kahawa ya nchi nyingi. Kahawa ya mlima huu, ikichumwa nyekundu na kuoshwa siku ile ile, ina ladha ambayo ningeitambua gizani. Wanunuzi wanaijua, wanaiita Bugisu, na hulipia jina hilo. Uganda ina Sheria ya Alama za Kijiografia tangu 2013. Jina Bugisu si la kampuni, si la waziri, si la mwonjaji kama mimi. Ni la watu walioupanda mlima huu kahawa. Lakini jina halijitetei. Mkichanganya nyekundu na mbichi, mkichanganya ya mlimani na ya bondeni ili gunia lijae, mnalikondesha wenyewe.

Basi haya ndiyo nitakayowapelekea wabunge wetu wakinipa nafasi, na nawaomba tuyapeleke pamoja: jina lisajiliwe, nalo liwe mikononi mwa vyama vya wakulima; sheria za Ulaya na za Nairobi zisitufikie kama radi, tukae kwenye meza zinapoandikwa, na anayekaa kwa niaba yetu arudi hapa Mbale atusomee; mikopo ya wanaotaka kukaanga iwe na riba ambayo mtu anaweza kuilipa akiwa hai.

Na la leo leo. Nyote mliombwa kwenye tangazo mje na jiwe. Nimeona wengi mmekuja nayo, mengine mmeyafunga kwenye leso kama mayai. Kijana wa vipimo amefika na mizani yenye muhuri wa Shirika la Viwango, iko pale mlangoni, na kuna kopo la rangi nyeupe. Jiwe lako likishapimwa, uzito wake uandikwe juu yake, na jina la kijiji chako nyuma. Wazee wakae, watahudumiwa walipo. Mama zangu wa Busia mtangulie, maana basi lenu linaondoka saa kumi.